Kazi ya kutafiti bakteria wa TB na ukoma: maswali ambayo watu hawachoki kuuliza

Haya ndo maswali yanayorudi kila mara mtu akisikia kuna watu wanalipwa kukaa na vimelea vya kifua kikuu na ukoma kutwa nzima. Yameanzia ya mwanzo kabisa mpaka yale ya pembeni, na kama jibu limeshatolewa kwingine nitakutuma huko badala ya kurudia.

## Ya mwanzo kabisa

1. Kwani TB na ukoma vinahusiana nini mpaka mtu mmoja avitafiti vyote viwili?

Ni wa ukoo mmoja. Wa TB ni Mycobacterium tuberculosis, wa ukoma ni Mycobacterium leprae, na wote wamevaa ukuta mnene wa mafuta na nta unaowafanya wawe wagumu kuua, wagumu kupakwa rangi na wavivu wa kuzaliana. Ile rangi nyekundu ya Ziehl-Neelsen, ya kuwapaka bakteria waonekane kwenye maikroskopu, iliyoanza miaka ya 1880 inawashika wote wawili kwa sababu ya ukuta huo huo. Wote wanapenda kuishi ndani ya makrofaji, yaani zile seli za kinga ambazo kazi yake ni kuwameza na kuwaua, na wote wanakufa kwa dawa ya rifampisini.

Wanapoachana ni kwenye makazi. Wa TB anapenda mapafu japo anaweza kwenda popote mwilini, wa ukoma anapenda sehemu za mwili zenye ubaridi kidogo kama ngozi, pua na masikio, na anaingia kwenye mishipa ya fahamu ndo maana mgonjwa anakuwa na mabaka yenye ganzi. Kwahiyo mtu akishajua kuusoma ukuta wa mmoja, nusu ya kazi ya mwingine keshaijua.

2. Si magonjwa ya zamani haya? Kumebaki nini cha kutafiti?

Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 10.8 waliugua TB na milioni 1.25 walikufa, na ukoma ulikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 walioripotiwa, wengi wakiwa India, Brazil na Indonesia. Hayo si mambo ya kwenye makumbusho.

Na maswali makubwa bado yapo wazi kabisa. Inakadiriwa robo ya watu duniani wameshaambukizwa TB wakati fulani, lakini ni kama 5 hadi 10 katika kila 100 ya hao ndo watakaougua, sasa nani ataugua na nani hataugua hakuna kipimo kinachosema vizuri. Chanjo tunayotumia ni BCG, iliyotolewa kwa mtoto wa kwanza mwaka 1921, inawasaidia watoto wadogo dhidi ya TB kali lakini kwa watu wazima haitegemewi. Kwa ukoma hatujui hata kwa uhakika njia zote anazopita bakteria kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, na kumbuka huyu ndo wa kwanza kati ya hao wawili kuonekana, Armauer Hansen alimwona huko Bergen, Norway mwaka 1873, miaka tisa kabla Robert Koch hajatangaza wa TB kule Berlin tarehe 24 Machi 1882.

3. Mtafiti wa namna hii ni daktari? Anatibu wagonjwa?

Wengine ndiyo, wengi hapana. Unakuta timu moja ina daktari wa kifua, mtu wa kemia, mtu wa mifugo, mtu wa kompyuta na fundi sanifu wa maabara ambaye kiukweli ndo anajua kila kitu kipo wapi. Asiye daktari haandiki dawa wala hatoi ushauri wa tiba, kwahiyo ukimtumia picha ya baka lako atakwambia nenda kituo cha afya, na atakuwa sahihi (swali la 21).

## Kuingia kwenye fani

4. Nisome nini?

Biolojia, mikrobiolojia, bayokemia, udaktari, tiba ya mifugo, famasia, sayansi ya maabara, zote zinafika. Ushauri wangu ni kwamba usihangaike sana na jina la digrii, hangaika na vitu viwili: takwimu na kuandika. Mtu anayejua takwimu vizuri hakosi nafasi kwenye maabara yoyote ya TB, na mtu asiyejua kuandika atateseka hata awe na mikono ya dhahabu.

5. Inachukua miaka mingapi mpaka niitwe mtafiti kamili?

Digrii ya kwanza, masta, halafu PhD ambayo sehemu nyingi ni miaka mitatu hadi mitano, halafu postdoki (mkataba wa utafiti baada ya PhD) moja au mbili, ndo unaanza kuomba kuwa na kundi lako mwenyewe. Kwenye bakteria hawa ongeza muda kidogo kwenye kila hatua na sababu ipo swali la 9. Kuna wanaoishia masta na wana kazi nzuri tu za maabara za maisha yote, PhD si lazima kama hutaki kuongoza utafiti.

6. Mimi ni mtu wa kompyuta, sipendi maabara. Kuna nafasi?

Kubwa mno. Jenomu (yaani seti nzima ya jeni) za bakteria wa TB zilizosomwa na kuwekwa hadharani ni nyingi kiasi kwamba unaweza kufanya PhD nzima bila kugusa glovu: unafuatilia usugu wa dawa unavyotokea, nani kamwambukiza nani kwenye mlipuko, aina gani ya bakteria inaenea wapi. Ila nenda maabara angalau mara chache uone data inatoka wapi, maana mtu asiyejua kwamba sampuli inaweza kuchafuliwa na sampuli ya jirani atagundua mlipuko ambao haupo.

7. Nimchagueje supavaiza?

Hapa watu wanakosea kwa kuangalia umaarufu tu. Uliza mambo ya kawaida kabisa: wanafunzi waliopita walimaliza baada ya muda gani na sasa wako wapi, maabara ina nafasi ngapi za BSL-3 (chumba cha usalama wa juu cha vimelea hatari, swali la 13) na watu wangapi wanagombea nafasi hizo, mnyama au bakteria unaomhitaji yupo tayari au ndo mnategemea apatikane, ufadhili uliopo unaisha lini. Ongea na wanafunzi wake wakati mwenyewe hayupo. Supavaiza anayekupa mradi mmoja tu, tena wa ukoma kwenye panya, bila mradi wa pembeni unaokwenda haraka, mwulize ana mpango gani jaribio likikwama, na kama hana jibu endelea kutafuta.

## Ndani ya maabara

8. Siku ya kawaida ikoje?

Haina maajabu. Asubuhi unaangalia inkubeta kama joto limekaa 37, unaangalia chupa kama kuna fangasi wamevamia, unapanga vitu vyote utakavyohitaji kabla ya kuingia BSL-3 kwa sababu ukishavaa gauni, glovu mbili na barakoa ya N95 hutaki kutoka kisa umesahau kalamu. Ndani unafanya kazi kwenye kabati la usalama, mwendo wa taratibu, kila kinachotoka kinauliwa kwanza kwa dawa au otoklevu, ile mashine ya mvuke mkali. Mchana unakaa kwenye kompyuta unachambua data ya wiki tatu zilizopita na jioni unajibu barua pepe za maombi ya vibali. Vibali, jamani, hakuna anayekwambia ukiwa chuo kwamba vibali ni sehemu kubwa hivi ya sayansi.

9. Kwa nini kila kitu kinachukua muda mrefu hivyo?

Kwa sababu bakteria wenyewe hawana haraka. Wale wa kawaida wa tumboni, E. coli, wanagawanyika kila dakika 20 hivi wakipata chakula kizuri, ukipanda jioni asubuhi unawakuta. Wa TB anagawanyika mara moja kwa kama saa 20. Wa ukoma ni kama siku 13, yaani wiki mbili nzima kumpata mmoja kuwa wawili.

Piga hesabu uone inamaanisha nini kwenye maisha ya mtu. Ukimpanda wa TB kwenye ile midia (chakula cha bakteria) ya kijani ya Löwenstein-Jensen yenye mayai, unasubiri wiki tatu mpaka nane kuona makoloni, ukiona wiki ya tano kuna fangasi unaanza upya. Jaribio la kutengeneza bakteria aliyeondolewa jeni moja linakula miezi. Kwenye panya mwenye ukoma unasubiri nusu mwaka au zaidi. Ndo maana watu wa fani hii wana tabia ya kuendesha majaribio manne matano yaliyopishana tarehe, moja linaota, moja linasomwa, moja linaandikwa, na ndo maana mtafiti anayeanza anatakiwa achague swali kwa kuangalia kalenda kabla ya kuangalia uzuri wa swali lenyewe. Sijui kwa nini hili halifundishwi darasani.

10. Nimesikia bakteria wa ukoma haoti maabara. Sasa wanamtafitije?

Umesikia sawa. Tangu 1873 mpaka leo hakuna aliyeweza kumwotesha M. leprae kwenye sahani au chupa, na si kwamba watu hawajajaribu. Kwa karibu miaka 90 watafiti walikuwa na bakteria wanayemwona kwenye maikroskopu lakini hawawezi kumjaribia dawa, isipokuwa moja kwa moja kwa mgonjwa.

Mwaka 1960 Charles Shepard huko Marekani akaonyesha kwamba ukimchoma panya kwenye nyayo kwa bakteria wachache wa ukoma, wanaongezeka. Nyayo kwa sababu kuna ubaridi. Idadi haiwi kubwa lakini inahesabika, kwahiyo kwa mara ya kwanza ungeweza kumpa panya dawa ukaona kama bakteria wanaendelea kuongezeka au wamesimama, na hivyo ndivyo usugu wa dapsone, dawa ya ukoma, ulivyothibitishwa miaka ya 1960. Halafu mwaka 1971 Waldemar Kirchheimer na Eleanor Storrs wakatangaza kwamba armadilo wa mistari tisa, mnyama wa Amerika mwenye magamba magumu mgongoni, anaugua ukoma wa kweli. Joto la mwili wake ni nyuzi 33 hadi 35 hivi, anaishi miaka mingi ya kutosha, na ini na wengu wake vinajaa bakteria kwa mabilioni. Sifa yake nyingine ni kwamba anazaa mapacha wanne wanaofanana kijenetiki, kitu ambacho wanasayansi wanakipenda mno.

Siku hizi wanatumika pia panya wasio na tezi ya thaimasi, ambao kinga yao ni dhaifu kwahiyo bakteria wanajaa kwenye nyayo. Maabara ya mpango wa taifa wa ukoma wa Marekani, huko Baton Rouge, inajulikana kwa kufuga bakteria hai na kuwasaidia watafiti wengine. Bakteria hao wakishavunwa una siku chache tu za kuwatumia wakiwa na nguvu, wakipotea uwanja wa ndege umepoteza nusu mwaka wa kazi ya mtu mwingine.

Na kwa wagonjwa, badala ya kuotesha, watu wanachukua kipande cha ngozi na kusoma jeni chache kwa PCR, njia ya kunakili jeni mara nyingi mpaka zisomeke: rpoB kuangalia usugu wa rifampisini, folP1 kwa dapsone, gyrA kwa ofloksasini. Unajua kama ni sugu bila kumsubiri bakteria aote.

11. Kusoma jenomu kulibadilisha nini hasa?

Kulibadilisha kila kitu, na hili ndo swali ninalopenda kulijibu kuliko yote. Mwaka 1998 timu ya Stewart Cole wa Institut Pasteur, Paris, pamoja na kituo cha Sanger cha Uingereza, walichapisha jenomu nzima ya bakteria wa TB aina ya H37Rv: herufi zaidi ya milioni 4.4 na jeni karibu 4,000. H37Rv mwenyewe ni mzee wa maabara, ukoo wake ulichukuliwa kwa mgonjwa mwaka 1905 na mpaka leo ndo bakteria wa kulinganishia duniani kote. Walichokiona ni kwamba sehemu kubwa ya jeni hizo inashughulika na mafuta, vimeng'enya kama 250 vya kutengeneza na kuvunja mafuta wakati E. coli ana kama 50. Ule ukuta wa nta wa swali la 1 ukapata maelezo.

Mwaka 2001 timu hiyo hiyo ikatoa ya ukoma, kutoka kwa bakteria aliyetoka kwa mgonjwa wa Tamil Nadu, India na kukuzwa ndani ya armadilo. Hapo watu walishangaa. Jenomu ina herufi milioni 3.27, jeni zinazofanya kazi ni kama 1,600 tu, na nyingine zaidi ya 1,100 zimeharibika, zipo lakini hazisomeki tena. Ni nyumba kubwa ambayo vyumba vingi vimefungwa na funguo zimepotea. Ndo ikaeleweka kwa nini haoti kwenye chupa: ameshapoteza njia nyingi za kujitafutia chakula na nishati, anategemea seli ya mwenyeji.

Sasa faida kwa mtu wa TB iko wapi? Chochote ambacho bakteria wa ukoma amekibakiza baada ya kupoteza vingi hivyo kuna uwezekano mkubwa ni cha lazima kwa ukoo mzima, kwahiyo ukitafuta sehemu ya kulenga na dawa mpya una orodha fupi zaidi ya kuanzia. Na mtu wa ukoma naye, kwa kuwa hawezi kumchezea bakteria wake jeni moja moja, anachukua jeni hiyo anaijaribu kwa ndugu yake anayeota. Ukiniuliza, hiyo ndo sababu ya kweli ya kuwasoma pamoja, kuliko kufanana kwao kwenye maikroskopu.

12. Chuo chetu hakina BSL-3. Ndo basi?

Hapana. Kuna M. smegmatis, ndugu asiye na madhara kwa watu wenye afya ambaye anagawanyika kila saa tatu nne hivi na anafanyiwa kazi kwenye maabara ya kawaida. Usimdharau: bedakwilini, dawa ya TB sugu iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2012, iligunduliwa kwa kupima maelfu ya kemikali dhidi ya huyu smegmatis kwanza. Kuna M. marinum anayewafanya samaki waugue, unamfuatilia ndani ya samaki wadogo wanaopitisha mwanga, unaona bakteria na makrofaji wakipambana kwa macho yako. BCG yenyewe nayo inatumika kwa mambo mengi. Halafu kuna kazi yote ya kompyuta, swali la 6.

Angalizo moja tu, usiandike kwenye hitimisho "dawa hii inatibu TB" wakati umeipima kwa smegmatis. Zipo dawa kibao zinazomuua smegmatis lakini wa TB hazimgusi.

## Usalama

13. Nitaambukizwa TB kazini?

Hatari ipo, ndo maana kuna BSL-3: hewa inavutwa kuingia ndani na kuchujwa kabla ya kutoka, kazi zote za wazi ni ndani ya kabati, sentrifyuji (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi) ina vifuniko visivyovuja. TB inaenda kwa hewa na bakteria wachache tu wanatosha, kwahiyo kinachoogopwa ni kile kinachorusha matone madogo, kutikisa, kupuliza na pipeti, kuvunja chupa. Wanaofuata utaratibu wanafanya kazi hii miaka mingi bila tatizo.

Historia ina mfano mchungu wa uzembe. Huko Lübeck, Ujerumani, mwaka 1930 chanjo ya BCG iliyoandaliwa maabara ya pale ilichanganyika na bakteria kamili wa TB na watoto zaidi ya 70 walikufa. Tangu hapo mtu yeyote makini hafanyi kazi ya chanjo na ya bakteria wakali sehemu moja.

14. Na ukoma je?

Hatari ni ndogo mno. Karibu asilimia 95 ya watu wana kinga ya asili dhidi yake, na uambukizo unahitaji kukaa karibu kwa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa. Glovu, umakini na sindano, basi. Kinachosumbua zaidi ni ndugu zako kuogopa kukushika mkono.

15. Kipimo cha TB kimenionyesha nina maambukizi na nilichomwa BCG utotoni. Nimeambukizwa au la?

Inategemea kipimo. Kile cha kuchoma ngozi kinaweza kudanganywa na BCG. Kile cha damu kinachopima interferoni gama, kemikali inayotolewa na seli za kinga, kinatumia protini za ESAT-6 na CFP-10 ambazo jeni zake hazipo kwenye BCG kabisa, zilipotea wakati Calmette na Guérin wanamhamisha bakteria kwenye chakula kipya mara 230 kwa miaka 13 kutengeneza chanjo. (Hiki ni kipimo kilichotoka moja kwa moja kwenye utafiti wa jeni, kwa wale wanaouliza utafiti wa msingi una faida gani.) Kikionyesha maambukizi, kitengo cha afya kazini kitakupiga eksirei na kujadili dawa za kinga. Kuwa na maambukizi yaliyolala, yaani huna dalili na eksirei ni safi, si kuumwa na hakumwambukizi mtu.

16. Mjamzito, au mtu mwenye kinga dhaifu, anaruhusiwa?

Maabara nyingi zinamhamishia kazi za nje ya BSL-3 kwa muda, na zinapaswa kufanya hivyo bila kumnyang'anya mradi wake. Ongea mapema na daktari wa kazini, si lazima supavaiza ajue undani.

## Pesa, pepa na heshima

17. Nani analipa?

Serikali, mifuko ya utafiti, mashirika ya hisani, mara chache kampuni za dawa. TB inapata zaidi kuliko ukoma, pengo ni kubwa, na wengi wanaosoma ukoma wanaishi kwa pesa iliyoombwa kwa jina la TB, kinga au usugu wa dawa. Ufadhili ni wa miaka mitatu hadi mitano kwa kawaida, bakteria wana kalenda yao (swali la 9), kwahiyo ombi la kwanza liandike kwa jaribio ambalo tayari umeanza kupata majibu yake. Mkataba wa muda ndo hali ya kawaida mpaka uje upate nafasi ya kudumu, na wengine hawaipati. Heri ujue sasa.

18. Nikigundua kitu, jina litakuwa langu?

Linatakiwa. Ila jifunze kwa waliotangulia. Albert Schatz alikuwa mwanafunzi alipoigundua streptomaisini mwaka 1943, dawa ya kwanza yenye nguvu dhidi ya TB, lakini Nobel ya 1952 ilienda kwa supavaiza wake Selman Waksman peke yake, na Schatz ilibidi aende mahakamani ndo atambuliwe kama mgunduzi mwenza. Kabla yake Alice Ball, mkemia mweusi huko Hawaii, alipata njia ya kufanya mafuta ya chaulmoogra yaweze kuchomwa kwa sindano kutibu ukoma, akafariki mwisho wa 1916 akiwa na miaka 24 tu, na aliyeendeleza kazi yake akaichapisha bila kumtaja.

Kwahiyo: daftari la maabara lenye tarehe, makubaliano ya majina kwenye pepa yaandikwe mapema kwa barua pepe, na usione aibu kuuliza.

19. Nikikaa miaka mitano halafu jaribio likafeli?

Litaandikwa hivyo hivyo. Chanjo ya MVA85A ilijaribiwa kwa watoto karibu 2,800 Afrika Kusini, majibu ya 2013 yakaonyesha haikuongeza kinga juu ya BCG. Watu waliumia, lakini sampuli za damu za watoto wale zimeendelea kuwafundisha watu kuhusu nani anaugua. Chanjo nyingine, M72/AS01E, ilipojaribiwa Kenya, Afrika Kusini na Zambia ilipunguza ugonjwa kwa karibu nusu kwa watu wazima walioambukizwa tayari, na jaribio kubwa la hatua ya tatu likaanza 2024. Hata Koch mwenyewe alitangaza tiba ya tuberkulini mwaka 1890 na haikutibu mtu, ikaja kuwa kipimo.

Dawa ya clofazimine nayo ilitengenezwa Dublin miaka ya 1950 kwa ajili ya TB, haikupendeza, ikahamia kwenye ukoma ikawa mojawapo ya dawa tatu zinazotumika pamoja tangu 1981, na miaka mingi baadaye ikarudi kwenye TB sugu. Bedakwilini inafuata njia ya kinyume, ilianza TB na imejaribiwa kwa wagonjwa wa ukoma Brazil.

## Maswali ya pembeni

20. Naweza kutumia sampuli zilizobaki hospitali bila kumuuliza mgonjwa?

Hapana, mpaka kamati ya maadili iseme. Hansen yule yule wa swali la 2, mwaka 1879 alimchoma mwanamke mgonjwa jichoni kwa vimelea vya mgonjwa mwingine bila ridhaa ili athibitishe kwamba ukoma unaambukiza. Alishtakiwa mwaka uliofuata na akapoteza kazi yake hospitalini. Na alikuwa sahihi kisayansi, haikumsaidia.

21. Nina baka lisilo na hisia, au nakohoa zaidi ya wiki mbili. Mtafiti anaweza kunipima?

Nenda kituo cha afya. Kipimo cha jeni cha makohozi kinatoa jibu kwa saa mbili hivi, na dawa za ukoma zinatolewa bure kupitia WHO tangu 1995. Maabara ya utafiti haina kibali cha kukupa majibu ya tiba.

22. Ni kweli wanyama wa porini wana ukoma?

Ndiyo. Armadilo wa kusini mwa Marekani wanaambukiza watu, ilionyeshwa 2011. Kindi wekundu wa Uingereza na Ireland walikutwa nao 2016, baadhi wakiwa na M. leprae na wengine M. lepromatosis, ndugu wa pili wa ukoma aliyetambuliwa 2008. Na 2021 ikaripotiwa kwa sokwe wa porini Guinea-Bissau na Ivory Coast. Kama unapenda wanyama na jenetiki, hapa kuna PhD kadhaa zimekaa zinasubiri mtu.

23. Ukoma ukitokomezwa si nitakosa kazi?

Jordan ilithibitishwa na WHO Septemba 2024 kuwa nchi ya kwanza kutokomeza ukoma, wengine watafuata. Lakini bakteria huyu anakaa mwilini kwa wastani wa miaka mitano na wakati mwingine 20 kabla ya dalili, na kuna wanyama wa swali la 22, kwahiyo usiwe na wasiwasi wa ajira.

24. Mimi nataka ukoma tu, TB siitaki. Inawezekana?

Inawezekana kama utaenda upande wa wagonjwa, mishipa ya fahamu, kinga au jamii. Upande wa bakteria wenyewe ni ngumu, maabara zake ni chache duniani na kila moja inategemea mnyama au sampuli za watu wengine. Wengi niwajuao wameingia na mradi wa TB unaowapa pepa na mkataba, huku wakiendesha wa ukoma taratibu pembeni, miaka sita saba baadaye ule wa pembeni ndo unawapa jina. Mwambie supavaiza mapema kwamba huo ndo mpango wako, na hakikisha kibali cha sampuli za ukoma kimeombwa mwaka wa kwanza, maana chenyewe kinaweza kuchelewa kuliko bakteria.